Ukwato wa Nyati wa Chumbageni

Zabron hakuingia dukani kwa Mzee Nurmohamed kununua kitu. Aliingia kushika kufuli, kuulizia bei, kulisifu, kushtuka kwa bei yenyewe, na kutoka nalo mfukoni huku akilalamika kwamba maisha yamepanda. Ilikuwa kazi ndogo tu ya kunyoosha vidole asubuhi. Lakini siku hiyo alilirudisha kufuli mahali pake kwa hiari yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe. Alilirudisha kwa sababu alimsikia mtu mzima akihuzunika kwa ajili ya nyama.

Redio ya dukani ilikuwa imetoka kusema kwamba mikoa kadhaa sasa ina bucha za nyamapori zenye kibali. Mtu anaingia, anapimiwa nyati kama anavyopimiwa sukari, anakwenda zake. Mzee Nurmohamed, ambaye ameuza misumari na mabati hapo Chumbageni tangu ndevu zake zikiwa nyeusi, alipunguza sauti ya redio na kushika shavu.

"Wenzetu wanapata," alisema. "Sisi Tanga tunapata nini? Ngisi. Marehemu baba alikuwa na leseni ya kuwinda. Ijumaa akishatoka msikitini anakwenda Handeni, Jumapili anarudi na kuro nyuma ya gari. Mama anapika pilau, harufu inafika mpaka barabara ya pili. Miaka arobaini sasa sijaonja kuro."

"Afadhali wewe ulionja, mzee," alisema Hosea, fundi bomba, aliyekuwa akisubiri kukatiwa kipande cha bomba. "Babu yangu aliletwa hapa kutoka Tabora kukata mkonge. Mpaka anakata roho alikuwa anamtaja nyati. Bibi alikuwa amekaa pale pale kitandani, hakutajwa."

Hapo ndipo kufuli liliporudi mahali pake.

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu Zabron, ili msomaji asimchukie mapema kuliko inavyostahili. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, shati jeupe lililopigwa pasi, na sauti ya mtu anayesoma matangazo ya ndoa kanisani. Moshi alifukuzwa kwa kuuza maji ya bomba kama theluji iliyoyeyuka ya mlimani. Lushoto alifukuzwa kwa kuuza miche ya tufaha iliyoota mikaratusi. Korogwe alifukuzwa tu, bila sababu maalumu. Walimtazama wakaona sababu itafika. Tanga ilikuwa imebaki, na bahati mbaya ni kwamba Tanga alikuwa ameipenda. Alipenda barabara zake zenye kivuli, na watu wanaokuamkia kwanza ndipo wakushuku. Alikuwa amechoka kulala na viatu. Kila usiku alijiambia kwamba mji huu hataufanyia ubaya mkubwa, ataufanyia mdogo tu, wa kumwezesha kukaa.

"Mzee, shikamoo," alisema, akisogea. "Hicho chumba cha pembeni ulichoandika kinapangishwa, kina umeme wa kuhimili friza?"

Baada ya wiki mbili chumba hicho kilikuwa na vigae vyeupe, mizani, na friza kubwa mpya, kitu cha kwanza maishani ambacho Zabron alikinunua akapewa stakabadhi. Stakabadhi yenyewe aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Juu ya mlango aliandika: NYAMAPORI MIKOANI, KILA MKOA NA MNYAMA WAKE. Ukutani, karibu kabisa na dari, alitundika kibali chenye fremu ya dhahabu. Kilikuwa cheti cha kuhudhuria semina ya siku mbili ya ufugaji wa kuku wa kienyeji. Kilikuwa na nembo, muhuri na sahihi tatu, na kwa urefu ule mtu aliona nembo, muhuri na sahihi tatu.

Nyama ililetwa na Tahiri. Huyu alikuwa dalali wa ng'ombe, mwenyeji wa Tongoni, mtu mwenye maneno ya msikitini na mizani isiyoswali. Mchana hakuonekana bucha, maana shughuli zake zilikuwa minadani na machinjioni; alipitisha mzigo alfajiri, akachukua fungu lake la jana, akatoweka.

"Nimekuletea jike la maziwa, limekoma kuzaa," alisema Tahiri alfajiri ya kwanza, akishusha magunia. "La Ngomeni huko. Jeusi tititi. Nimelipata bure, wallahi, kwa sababu ya mguu."

"Mguu una nini?"

Tahiri alitoa ukwato wa mbele wa kushoto akauweka mezani. Kidole kimoja kilikuwa kimepanda juu ya kingine, kama mtu aliyekunja vidole kuapa uongo, na juu yake palikuwa na kovu lililozunguka mguu mzima.

"Nikamwambia mwenyewe, mama, huyu kilema, hata machinjio watamrudisha. Akamshika ng'ombe masikio, akalia kidogo, akapokea alichopewa." Tahiri alijikuna. "Ukwato huu tupa."

"Ukwato huu usiuguse," alisema Zabron.

Hakuuliza mama huyo ni nani. Ninaliandika jambo hili hapa kwa sababu ndilo kosa la hadithi nzima. Mtu aliyefukuzwa miji mitatu alipaswa kujua kuwauliza watu majina yao.

Niseme pia, kwa haki, kwamba ng'ombe huyo alichinjwa machinjioni kwa kufuata taratibu zote, kwa Bismillahi, akakaguliwa, akapigwa muhuri. Kila kitu kuhusu nyama ile kilikuwa halali isipokuwa jina lake.

Majina alikuwa nayo mengi. Mashamba ya mkonge yaliwavuta Tanga watu wa kila upande wa nchi, na wajukuu wao wapo bado, wanazungumza Kiswahili cha hapa na kuota nyama ya huko. Zabron alikaa na watu wa kila kabila, akawasikiliza, akarudi jikoni. Mapaja ya ng'ombe yule aliyafukiza kwa makumbi ya nazi na kuyapaka kahawa, akapatikana nyati wa Tabora. Mabega aliyakata membamba, akayalaza kwenye ndimu na mchaichai, akawa kuro wa Handeni. Sarara ilikuwa pofu wa Rukwa. Mbavu alizining'iniza juu ya moshi wa majani ya mkaratusi mpaka zikawa na harufu ya dawa ya kikohozi, akaziweka kando. Hizo zilikuwa za watu wa nyanda za juu, Njombe na Iringa, pongo wa milimani. Ng'ombe mmoja alizaa mbuga nzima, na alikuwa amekoma kuzaa.

Ukwato aliufunga utepe mwekundu akautundika juu ya mizani.

"Huu?" aliuliza Hosea siku ya ufunguzi, akiwa na suruali yenye matope ya mtaro.

"Huo, fundi, ni wa nyati unayemtazama hapo chini. Simba alimkamata mguu, akiwa bado kijana. Yeye akamburuza simba kilomita nne. Simba akaachia. Ukwato ukapona hivyo hivyo ulivyopinda." Zabron alishusha sauti. "Watu wa Tabora wanamjua."

Hosea alinunua kilo nzima. Akaomba kipande achome pale pale kwenye jiko la mkaa lililokuwa mlangoni. Alitafuna muda mrefu, maana nyama ilikuwa ya jike mzee na haikuwa na haraka. Kisha akaacha kutafuna, akatazama barabarani, na machozi yakamtoka.

"Ndiyo hii," alisema. "Babu alisema inakaa mdomoni. Ndiyo hii."

Zabron aligeuka kupangusa mizani iliyokuwa safi. Alikuwa amewaona watu wengi wakilia kwa sababu yake, lakini siku zote walikuwa wakimkimbiza. Alisikia aibu, aibu ya kweli, ikakaa naye karibu dakika mbili. Halafu mteja mwingine akaulizia pofu.

Mzee Nurmohamed alikuja siku ya pili, amevaa kofia ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne.

"Zabron, mimi nataka kuro. Lakini kwanza uniambie, nani kachinja?"

"Muislamu, mzee. Tahiri wa Tongoni alikuwepo kwa macho yake. Kisu, kibla, Bismillahi, hakuna kilichopungua."

Hiyo ndiyo ilikuwa sentensi pekee ya kweli iliyosemwa bucha wiki hiyo. Mzee alitazama kibali kule karibu na dari, akakunja macho.

"Kimetundikwa mbali sana."

"Wakubwa hawapendi kishikwe ovyo, mzee."

Mzee alichukua kilo mbili. Jioni mkwewe Kaneez alipika pilau, na kesho yake Mzee Nurmohamed aliwaambia wateja wa misumari kwamba kuro wa leo ni mgumu kidogo kuliko wa zamani, lakini ladha ni ile ile ya baba. Aliapa. Mtu wa heshima akishaapa mbele ya watu kuhusu nyama, hawezi tena kurudi nyuma, na Zabron alilijua hilo kuliko kibali chochote. Kodi ya mwezi wa pili mzee aliisamehe.

Zabron akaanza kulala bila viatu.

Mama Bertha alifika Alhamisi, saa nne asubuhi, na kikapu cha ukindu na mwavuli. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mfupi, mnyoofu, amevaa kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa. Wazazi wake walikuja kutoka Njombe kukata mkonge, na yeye mwenyewe alifanya kazi shambani miaka thelathini, karani wa kuhesabu mafungu ya majani kabla hayajapandishwa kwenye troli. Aliyehesabu mafungu ya mkonge miaka thelathini anazijua njia zote za kulifanya fungu la majani ishirini na sita lionekane la thelathini. Zabron aliona mwavuli na kikapu tu.

"Kamwene, mama," alisema, kwa kuwa alikuwa amejifunza salamu za mikoa yote. "Karibu nyumbani."

"Kamwene, baba." Mama Bertha aliinua macho kuangalia bei, na macho yakaishia kwenye utepe mwekundu. Yalikaa hapo. Zabron alisimulia habari za simba, kilomita nne, kijana, kupona. Mama Bertha alisikiliza mpaka mwisho.

"Maskini," alisema. "Aliumia sana."

"Sana, mama."

"Na ya kwetu Njombe ipo?"

"Ipo, tena nimeiweka kando kwa ajili ya watu wa heshima." Alimtolea mbavu za mkaratusi. Mama Bertha alinusa, akakohoa.

"Nipimie nusu kilo. Sasa, mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani na kichwa changu kinasahau. Niandikie hapa jina la mnyama na mahali alikotoka, uweke na sahihi. Mpwa wangu akija jioni atanisomea, maana yeye ni mtu wa kuuliza maswali."

Zabron alikuwa na mwandiko mzuri na aliupenda. Aliandika: PONGO HALISI WA NJOMBE, HAJACHANGANYWA NA KITU. Akaweka sahihi yenye mkia mrefu, akapiga na muhuri wa viazi aliouchonga mwenyewe. Mama Bertha aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye leso, akashukuru, akaenda zake kituo cha basi.

Jumamosi ndiyo siku bucha ilipojaa. Hosea alikuwepo, amekuja na wenzake wawili kuwaonjesha nyati. Mzee Nurmohamed alikuwepo, kilo yake ya kuro tayari mkononi. Mama Bertha aliingia taratibu, amejifunga kanga kichwani mpaka chini ya kidevu, akaketi kwenye benchi, akafungua leso. Ndani yake palikuwa na karatasi na jino.

"Nani ataisoma hii kwa sauti?" aliuliza.

Hosea aliisoma. Aliisoma vizuri, mpaka sahihi.

"Sisi kwa upande wa baba yangu hatuli pongo," alisema Mama Bertha. "Babu wa babu alifichwa na pongo porini siku ya vita. Ni mwiko. Nilikula Alhamisi mchana. Mpwa wangu akaja jioni, akanisomea. Asubuhi nikaamka na hili." Alilisogeza jino kidogo kwa kidole. "Inaanza na meno. Halafu ngozi. Halafu wajukuu."

Mmoja wa wenzake Hosea alivua kofia.

"Mama, pole sana," alisema Zabron, na ninamsifu kwa jinsi sauti ilivyomtoka laini. "Lakini wewe mwenyewe uliomba nyama ya Njombe."

"Niliomba nyama ya kwetu. Nani anampa mtu wa kwetu pongo bila kumuuliza ukoo? Wewe unajua mikoa yote, miiko huijui?"

"Hata kwetu Tabora kuna ukoo haugusi pundamilia," alisema Hosea, na hakumtazama Zabron kwa upendo. "Anayemlisha mtu mwiko anaubeba yeye."

"Sisi hatuna mambo ya pongo," alisema Mzee Nurmohamed, "lakini mimi mtu akinilisha nilichokatazwa, bhai, sitamuacha. Jambo kubwa hili."

Wote wakamgeukia Zabron. Na hapa ningeomba tumhurumie, kwa kuwa wokovu wake ulikuwa maneno mawili tu, ni ng'ombe, na maneno hayo yalimfika kabisa kwenye ulimi. Mama angekuwa hana mwiko, hana kosa, hana dai. Zabron alifungua mdomo. Akamwona Hosea, ambaye machozi yake yaliangukia pale pale mlangoni. Akamwona Mzee Nurmohamed, aliyeapa kwa jina la baba yake, ameikumbatia kilo ya kuro. Akaufikiria mlango wa polisi, ambako ange­lazimika kueleza kama anauza nyamapori kwa cheti cha kuku au anauza ng'ombe kwa jina la nyamapori, na hakuona jibu lenye nafuu. Akafunga mdomo.

"Kama si pongo, sema," alisema Mama Bertha kwa upole. "Mimi nitafurahi."

"Ni pongo," alisema Zabron. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Basi kwetu dawa ipo. Aliyekulisha mwiko anakuwa mlezi wako. Anakupa mtamba hai, tena mwenye mimba. Anamkatia majani kwa mkono wake mwenyewe mpaka azae. Maziwa ya kwanza mnakunywa wote wawili, na mwiko unaishia hapo. Hakuna kutuma mtu. Hakuna pesa mkononi."

"Mtamba mwenye mimba? Mama, mimi mtamba nitamtoa wapi?"

Mzee Nurmohamed alikuwa tayari anaitazama friza. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara hata kwenye msiba.

"Friza hii mimi naichukua," alisema. "Kuna mtu Muheza anafuga, namdai pesa za mabati. Mtamba atapatikana leo leo. Tusimcheleweshe mama na meno yake."

Zabron alikimbilia simu akampigia Tahiri. Tahiri alisikiliza yote, akapumua.

"Inna lillahi," alisema. "Ndugu yangu, mimi nipo Tongoni, tumefiwa."

"Nani kafa?"

"Bado hatujajua vizuri," alisema Tahiri, akakata. Alikuwa amepitia bucha alfajiri ile kuleta mzigo, na Zabron alipofungua mtoto wa meza alikuta hata sarafu za chenji zimekwenda msibani.

Basi friza, kitu pekee chenye stakabadhi, ilibebwa na watu wanne mpaka duka la jirani. Zabron aliitazama ikipita mlangoni. Mzee Nurmohamed alifunga chumba kwa kufuli. Lilikuwa kufuli lile lile.

"Na huo ukwato," alisema Mama Bertha, akiwa ameshasimama. "Niupe nao. Mwiko hauachi kitu nyuma."

Ngomeni nyumba ya Mama Bertha ilikuwa kando ya reli ya zamani ya troli, na nyuma yake zizi lililokuwa tupu, lililofagiliwa vizuri kama sebule. Zabron alipewa chumba cha stoo, mundu, na gunia. Aliahidi moyoni kukaa siku tatu. Siku ya kwanza alikata majani mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku ya pili Mama Bertha alimpaka mafuta ya nazi viganjani bila kusema neno. Siku ya tatu palikuwa na ibada ya umoja wa wanawake. Mama Bertha alimpeleka kanisani akamtambulisha mbele ya wote kama mlezi wa ng'ombe wake, na wanawake kumi na saba wakamsalimia kwa jina. Mtu aliyesalimiwa na wanawake kumi na saba hawezi kuondoka kijijini bila kuulizwa anakwenda wapi.

Mtamba Mama Bertha alimpa jina la Pongo, ili mwiko, alisema, ujue umeshaonekana. Alimfundisha Zabron kumkagua kwato kila asubuhi, kumtoa mawe, kumpaka dawa. "Kwato ndiyo ng'ombe," alisema. "Mengine yote yamesimama juu yake." Zabron alijifunza haraka, maana vidole alikuwa navyo vizuri tangu zamani. Mwezi ukapita, na wa pili, na wa nne. Mwezi wa tano aligundua kwamba hakuwa amemdanganya mtu tangu Jumamosi ile, ila Pongo mara moja, alipomwambia sindano haiumi. Alikuwa anaamka, hakuna anayemkimbiza. Jambo hilo lilimfurahisha kiasi cha kumtia hofu.

Pongo alizaa mchana, jike, jeusi, na kila mmoja alifanya kazi yake vizuri. Mama Bertha alikamua dang'a, yale maziwa ya kwanza, akaichemsha, akaimimina kwenye vikombe viwili vya bati. Walikunywa wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya jikoni.

"Imekwisha," alisema. "Huna deni kwangu. Gari la mjini linapita saa kumi."

Zabron alitazama barabara. Hakutaka kwenda. Alijua hivyo kama mtu anavyojua ana njaa.

"Ila sipendi mtu aondoke au abaki bila kujua," alisema Mama Bertha. Aliingia ndani akarudi na kitu akakiweka kwenye ngazi, kati ya vikombe. Ulikuwa ukwato uliopinda, utepe wake umetolewa. "Huyu aliitwa Katibu. Tulimpa jina hilo kwa sababu kamati ikikaa sebuleni kwangu alikuja kusimama dirishani mpaka kikao kiishe. Aliingiza mguu kwenye reli ile pale akiwa mtamba. Nilimfunga kwa kamba ya katani miezi mitatu, kamba ikamkata, ndiyo kovu hili. Miaka kumi na mbili alinipa maziwa. Alipokoma kuzaa sikuwa na jinsi. Akaja mtu wa maneno matamu, akaniambia kwa mguu huu hata machinjio hawatamtaka. Halafu naingia bucha Chumbageni, namkuta ananing'inia, na kwa mguu huo huo amepandishwa bei."

Alisema haya bila kupandisha sauti, lakini mkono ulikuwa umelala juu ya ukwato, na Zabron aliona ulivyoushika.

Kati ya watu wote aliowahi kuwauzia kitu, huyu alikuwa wa kwanza ambaye yeye alimwomba msamaha.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikuuliza alikuwa wa nani."

"Hukuuliza."

"Na jino?"

"Lilitolewa hospitali mwaka juzi. Nililipia kulitoa, sikuona sababu ya kuwaachia."

"Na miwani?"

"Sijawahi kuvaa miwani."

Zabron alianza kuhesabu kwa vidole, mpwa, babu wa babu, vita, maziwa ya kwanza, na kila kidole kilipokunjwa alizidi kumheshimu. Miji mitatu na mbinu zake zote zilimpita mbele ya macho, na akaziona ni kazi za mwanafunzi.

"Kwa hiyo ukoo wenu unakula pongo."

"Tunakula. Wakipatikana."

"Na kama siku ile ningeandika nyati?"

Mama Bertha alikusanya vikombe, akasimama, akajipangusa kitenge.

"Basi tusingekula nyati," alisema.

Zabron alicheka mpaka Pongo akageuza kichwa zizini kuona kuna nini. Saa kumi gari la mjini lilipita likapiga honi, na hakuna aliyepanda. Yeye alikuwa ng'ambo ya reli na mundu wake, kwa sababu sasa zizini walikuwa wawili na majani ya jioni yalikuwa hayajakatwa.